Bei ya Ng'ambo ya Daraja

Ukitaka kumtesa mtu wa Halvor Landing, msifie. Mwambie koti lake zuri uone atakavyohangaika. Hatasema asante, maana kwetu asante ni jibu la watu wanaojiona. Atasema, "Hili? Dola nane tu, mitumba ya kanisani, na kifungo kimoja hakipo," na hapo ndipo atakapopumua. Sisi wa upande huu wa Wisconsin tumelelewa hivyo. Sifa ni deni, na namna ya kulilipa ni kutaja bei ndogo uliyonunulia, upesi, kabla watu hawajadhani unaringa.

Arlys Brekke, mpishi wa shule ya msingi, alikuwa bingwa wa jambo hilo. Inasemekana hata siku ya harusi yake, mchungaji alipomwambia amependeza, alimjibu kwamba shela ni ya kuazima kwa binamu yake na viatu vinambana. Alivyolelewa ndivyo alivyomlea binti yake wa pekee, Maren. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hakujua kwamba iko siku malezi hayo yatamfikisha mtoto mbele ya serikali.

Maren alikuwa akifanya kazi Tavio, kampuni ya magari ya umeme kutoka California, katika ukumbi wao wa vioo karibu na daraja. Kazi yenyewe ilikuwa kichekesho. Sheria ya jimbo letu haimruhusu mtengenezaji wa magari kumuuzia mnunuzi moja kwa moja. Lazima apitie kwa wakala, na Tavio hawana wakala wala hawamtaki. Kwa hiyo Maren aliruhusiwa kukuonyesha gari, kukueleza betri inavyochajiwa, hata kukukalisha kwenye usukani. Kukuuzia, hapana. Kukutajia bei, hapana. Ukiuliza bei, alitakiwa atabasamu na kunyoosha kidole kuelekea darajani, kwa sababu ng'ambo ya mto ni Minnesota, na huko Tavio wana duka halali kabisa. Watu walikuwa wakitazama gari huku, wanavuka kwenda kuulizia bei, wanarudi kulitazama tena, kisha wanavuka kwenda kulinunua. Mzee mmoja alivuka mara tatu kwa siku moja, akasema angalau amepata yale mazoezi ambayo daktari alikuwa akimpigia kelele.

Basi Jumanne moja ya mwezi wa tatu, barafu ya mtoni ikiwa imeanza kukatika, aliingia mama mmoja mwenye koti jekundu na mkoba wa kijani. Alilizunguka gari dogo la bluu lililokuwa katikati ya ukumbi, akapapasa kiti, akasema kwa upole, "Jamani, gari zuri hili."

Maren, mtoto wa Arlys, akajibu, "Hili? Elfu thelathini na nne tu, na viti vya nyuma havina hata kipasha joto."

Neno lilishatoka. Yule mama alitabasamu, akaaga, akaenda zake. Jina lake lilikuwa Verna Sobotta, na alikuwa ametumwa na chama cha mawakala wa magari wa wilaya aje kusikiliza kama kuna bei inayotajwa mle ndani.

*

"Wamenisimamisha," Maren alisema jioni ile, kabla hata hajavua buti.

Kwa akina Brekke kulikuwa na amri moja tu mezani: magari hayazungumzwi. Amri hiyo ilikuwa na umri wa miaka miwili, sawa na kazi ya Maren, kwa sababu baba yake, Leland, alikuwa muuzaji mkongwe wa Steiger na Wanawe, wakala mkubwa kuliko wote wilayani. Walizungumza theluji, walizungumza upasuaji wa nyongo ya jirani, walizungumza mbwa wa jirani. Leo Maren aliivunja amri akiwa bado amesimama kwenye zulia la mlangoni.

"Umefanya nini?" Arlys aliuliza, kijiko cha viazi kikiwa hewani.

"Nimetaja bei. Kuna kikao Alhamisi ijayo, kule chini mahakamani. Anakuja afisa wa jimbo. Akiona nilikuwa nauza, ukumbi unafungwa na mimi sina kazi."

"Alikuuliza bei?"

"Hakuuliza, mama. Alisifu."

"Alisifuje?"

"Alisema gari zuri."

Arlys aliweka kijiko chini. "Sasa alitaka usemeje?" Alishangaa kwa moyo wake wote. "Ukae kimya kama vile umelichonga wewe?"

"Sheria inasema nikae kimya."

"Sheria haina adabu basi."

Leland aliendelea kula. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye goti la kulia lililokwisha kabisa, na alikuwa akitafuna taratibu kama mtu anayehesabiwa matonge. Mkewe alimtazama mpaka akachoka.

"Wewe mzee, umesikia?"

"Nimesikia."

"Na?"

"Nani amepeleka malalamiko?"

"Chama," Maren alisema. "Na mwenyekiti wa chama unamjua."

Alimjua. Alikuwa akimwambia habari za asubuhi kila siku. Leland alichukua mkate, akaupaka siagi kwa makini, akauweka kwenye sahani bila kuula.

*

Duane Steiger, mwenyekiti huyo, hakuwa mtu mbaya, na mimi sitaki mumfikirie hivyo. Alirithi yadi ya magari kwa baba yake, akairithi pamoja na kazi ya kuvalisha timu za watoto wa mji mzima. Ukuta wa ofisi yake ulijaa picha zao, watoto wenye mapengo waliovaa jezi za njano zilizoandikwa Steiger mgongoni. Katika picha moja, ya tatu kutoka dirishani, Maren alikuwa amekumbatia glovu ya besiboli kubwa kuliko kifua chake.

"Kaa, Mzee Leland. Kula donati."

"Nimeshiba, bosi."

"Kula bwana, zitaharibika." Leland akachukua donati. "Goti wanalipasua lini?"

"Mwezi ujao, katikati."

"Vizuri. Bima yetu ya matibabu ni nzuri, eh?"

"Nzuri sana."

"Nahangaika nayo kila mwaka, hiyo bima. Wenzangu wengine wameshaifuta." Duane alifuta sukari vidoleni. "Sasa sikiliza. Alhamisi nataka uje useme jambo moja tu. Tena la kweli, sikuombi uongo. Ile kanuni yako."

Kila kijana aliyewahi kuajiriwa pale aliijua kanuni ya Leland, maana ndiyo iliyokuwa somo la siku ya kwanza: ukishataja bei, umeshaanza kuuza. Kabla ya hapo mnapiga soga tu. Maren naye alifundishwa, akiwa bado shule, alipokuwa akija pale likizo kuosha magari na kujifunza kazi.

"Kampuni itadai alijikwaa ulimi," Duane alisema. "Mimi nataka afisa ajue kwamba huyu binti hakujikwaa. Alifundishwa na muuzaji bora wa wilaya hii kwamba bei ndiyo mlango wa biashara. Alijua anachofanya."

"Ni mwanangu, Duane."

"Najua ni mwanao. Ile glovu pale pichani nilinunua mimi." Ilikuwa kweli, na Leland aliitazama. "Unadhani namchukia Maren? Hao waliomwajiri ndio wanaoninyima usingizi. Leo wanataja bei, kesho wanaandika mkataba, keshokutwa mimi nafunga mlango. Halafu nani atawavalisha hawa watoto? Kompyuta ya California?"

Leland mwenyewe alikuwa amelisema jambo hilo mara nyingi, kwa maneno hayohayo. Aliamini. Mtu akinunua gari kwa Steiger na likazima barabarani usiku wa baridi, alimpigia simu Leland nyumbani, na Leland alivaa suruali akaenda.

"Nitafikiria," alisema.

"Fikiria." Duane alimsindikiza mpaka mlangoni, akamshika bega. "Na hilo goti tulitunze. Kazi hii bila goti ni taabu."

Hakusema zaidi ya hapo wala hakuhitaji. Leland alitoka akichechemea na donati mkononi, imefungwa kwenye karatasi, asijue aitupe wapi bila Duane kumwona dirishani.

*

Ijumaa ni samaki. Mji mzima hukusanyika ukumbi wa maveterani wa vita kula samaki wa kukaanga, mkate mweusi na kachumbari ya kabichi, na asiyetokea hutumiwa mtu kumjulia hali. Kwa hiyo akina Brekke walikwenda, ingawa hakuna aliyetaka kwenda.

Maren alipoingia, meza ya kwanza iligeuka kumtazama. Kisha mzee mmoja, mteja wa Leland tangu enzi na enzi, akapaza sauti: "Maren! Nipitishie chumvi, lakini usiniambie bei!"

Ukumbi mzima ulicheka. Hawakuwa na ubaya, kwetu asiyetaniwa ndiye aliyetengwa. Lakini Maren alipitisha chumvi huku shingo imemwiva, na Leland akaona. Duane alikuwa meza ya pili na mkewe na watoto. Alicheka na yeye, kisha akakutana macho na Leland, akaacha.

Baada ya kula kulikuwa na kuagana, na kuagana kwetu huchukua muda kuliko kula. Unaaga mezani, unaaga penye makoti, unaaga mlangoni, kisha unasimama kwenye baridi unaaga upya. Arlys alikuwa bado penye makoti, akimweleza mtu kwamba skafu yake ilikuwa dola mbili, wakati Leland na binti yake walipofika kwenye gari. Lilikuwa gari la yadi, lenye namba za Steiger. Tangu aanze kazi Leland hakuwahi kumiliki gari. Aliendesha lolote ambalo Duane alitaka lionekane mjini.

"Anataka nitoe ushahidi," Leland alisema. "Kwamba nilikufundisha ile kanuni."

Maren alitumbukiza mikono mifukoni. "Kwani hukunifundisha?"

"Nilikufundisha."

"Basi sema."

"Watakufukuza, Maren."

"Na usiposema, bima inakwenda, na goti linabaki hivyohivyo. Sitaki, baba. Sitaki nibaki na kazi, halafu kila Ijumaa nikuone unapanda ngazi hizi kama mtu wa miaka mia." Aliipiga teke barafu iliyoganda kwenye tairi. "Sema kweli uliyoulizwa. Mimi hilo haliniumi."

"Nini kinakuuma?"

"Unapita pale kila siku. Kila siku nakuona kwenye kioo. Ukifika mbele ya ukumbi unageuza uso unatazama mtoni. Miaka miwili, baba! Hao samaki wa mtoni wanakujua uso kuliko mimi. Hujaingia hata kuomba maji."

Leland alipapasa mfukoni akitafuta funguo. Alikuwa mtu aliyeweza kumuuzia mkulima lori katikati ya ukame, na sasa hata funguo hakuziona. Alimpenda mtoto huyu, na aliona haya kwa yale aliyoyasikia kwa sababu yalikuwa kweli.

"Angalia kulungu barabarani," alisema mwisho.

Hayo kwetu ndiyo maneno ya mapenzi. Maren aliyajua, akatikisa kichwa, akaenda kwenye gari lake.

*

Chumba cha chini cha mahakama kina bomba linalogonga kila baada ya muda, na Alhamisi ile lilikuwa limechachamaa. Afisa wa jimbo aliitwa Bwana Radtke. Alikuwa mtu mnene, mwenye uso wa uchovu na tai iliyochorwa mabata. Upande mmoja alikaa Duane na Bi Verna Sobotta, mkoba wa kijani mapajani. Upande wa pili alikaa Maren peke yake mbele ya kompyuta, na ndani ya kompyuta alikuwamo mwanasheria wa Tavio, akiwa California, jua likimpiga usoni. Nyuma walijaa watu, maana hapakuwa na jambo jingine mjini siku ile. Arlys alikaa safu ya kwanza, amevaa koti la dola nane.

Bi Verna alisema kweli tupu. Aliingia, akasifu gari, akatajiwa elfu thelathini na nne.

"Ni kauli ya bahati mbaya," kompyuta ilisema. "Mfanyakazi alijikwaa."

"Bahati mbaya gani?" Bwana Radtke aliuliza. "Mtu anaweza kujikwaa akataja jina la mke wa zamani. Bei kamili, na habari za viti vya nyuma juu yake? Kwa nini aliitaja?"

Mwanasheria alipekua karatasi zake. Maren alitazama meza. Angesemaje? Jambo unalolifanya tangu utotoni huwezi kulieleza, sawasawa na kueleza unavyomeza mate.

Ndipo Duane akamwita Leland. Leland alitembea mpaka mbele, na kila mtu alisikia goti lake, au walidhani wamelisikia. Aliulizwa, akajibu. Ndiyo, yeye ni muuzaji. Ndiyo, alimfundisha binti yake. Ndiyo, kanuni ni hiyo, ukishataja bei umeshaanza kuuza.

"Na anaielewa?" Duane aliuliza.

"Anaielewa kuliko wote niliowafundisha."

Duane alikaa, akavuta pumzi. Watu wa nyuma waliinamisha macho. Arlys alikuwa amebana mkoba wake kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kupelekwa kuzika.

"Asante, Bwana Brekke. Unaweza kukaa."

Leland hakukaa.

"Nina neno dogo, kama unaniruhusu."

"Fupi."

"Kanuni hiyo nilimfundisha akiwa shule ya sekondari. Lakini mama yake alishamfundisha nyingine kabla hajaanza kutembea, na ya kwanza ndiyo inayoshika." Aligeuka. Aliinama kidogo, kama alivyoinama maisha yake yote mbele ya wanawake wanaotazama magari. "Bi Verna, samahani, nilikuwa nakutazama tangu mwanzo. Huo mkoba wako mzuri sana."

"Huu?" Bi Verna aliunyanyua. "Dola kumi na moja, mnada wa kanisa, na zipu yake imekufa!"

Bomba liligonga. Mtu mmoja nyuma alitoa sauti kama ya kikohozi, kisha mwingine, kisha chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Bi Verna alikuwa bado ameunyanyua mkoba. Aliutazama, akamtazama Maren, akaziba mdomo kwa mkono.

"Ulikuwa unauza, Bi Verna?" Leland aliuliza kwa upole.

"Siuzi! Nimeupata juzi tu!" Kisha akasema taratibu, "Ee Mungu wangu. Yule mtoto."

"Bwana afisa, huu ni mchezo wa kuigiza," Duane alisimama, masikio mekundu.

"Samahani," kompyuta ilisema, "sijaelewa. Kwa nini huyu mama ametaja bei?"

Utamwelezaje mtu wa California?

Bwana Radtke aligonga meza mpaka wakanyamaza. "Bwana Brekke, huwezi kuleta ushahidi wa mkoba. Jambo alilofanya mtu mmoja haliwi—"

"Tai yako inakupendeza, Bwana Radtke," Arlys alisema kutoka safu ya kwanza. Hakusimama hata. "Hao mabata wametulia."

Bwana Radtke alishika tai yake. Chumba kizima kilimtegea. Alitazama dari, akatazama bomba, akachezea kalamu. Uwekundu ulianzia kwenye kola ukapanda mpaka kwenye upara. Mtu yeyote wa kwetu angeweza kumwonea huruma.

"Dola nne," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini sana. "Baada ya Krismasi. Walikuwa wanazimaliza."

*

Uamuzi ulitoka palepale. Hapakuwa na nia ya kuuza. Maren apewe onyo, arudi kazini, ukumbi uendelee. "Lakini sheria bado ni sheria," Bwana Radtke alisema, akimtazama Maren juu ya miwani. "Si kazi yangu kuibadilisha, na jambo hili lisitokee tena. Kuanzia leo, mgeni akisifu gari, utasema asante. Basi. Usiongeze neno."

"Asante tu?" Maren aliuliza.

"Asante tu."

Akina mama wa nyuma walisikitika. Ilionekana adhabu kubwa mno.

Kesho yake Duane alimngoja Leland nje ya yadi, mikono kwenye mifuko ya jaketi.

"Umenifanya mjinga mbele ya watu."

"Ulitaka kweli. Nimesema yote."

"Nusu ilinitosha, Leland." Alitazama buti zake. "Sikufukuzi. Nikikufukuza nani atawauzia wakulima malori? Na goti lako liko palepale, mimi si mtu wa hivyo."

"Najua."

"Lakini funguo nipe. Gari la yadi litaendeshwa na mwingine."

Leland alimpa funguo. Hilo lilimuuma, kwa sababu kuanzia leo mji mzima utamwona akitembea, na wote watajua kwa nini. Duane naye hakufurahi. Alizishika funguo kama mtu aliyepokea samaki hai, na hakuweza kuondoka, maana kuondoka bila kuagana hakujulikani kwetu hata kwa maadui. Wakazungumza barafu. Duane alisema imewahi kukatika mwaka huu. Leland alisema bata bukini nao wamewahi. Duane alisema naam, basi. Leland alisema basi. Wakasimama tena.

"Mkeo na ile tai," Duane alisema, na mdomo ulimcheza pembeni kabla hajaingia ndani.

Kazi ilipokwisha, Leland hakuwa na gari la kumrudisha nyumbani. Arlys alikuwa shuleni bado, akiosha masufuria. Mtu wa pekee mwenye gari karibu alikuwa binti yake, mitaa minne chini kuelekea mtoni. Alishuka polepole, akishikilia nguzo, na alipofika mbele ya vioo hakutazama mtoni. Alisimama nje kidogo. Ndani, Maren alikuwa akimweleza kijana na mchumba wake habari za betri, akichora kwa mikono hewani. Waliuliza kitu, akatabasamu, akanyoosha kidole kuelekea darajani. Wakacheka wote watatu. Hakuwasukuma wala hakuwakimbilia. Chema chajiuza, wahenga walisema, lakini Leland alijua kwamba hata chema kinahitaji mtu mwenye subira wa kusimama kando yake.

Alijipangusa viatu kwenye zulia, akaingia.

Maren alimwona, na maneno ya betri yakamwishia mdomoni.

"Nimekuja kuomba lifti," Leland alisema. "Endelea na wageni wako."

Alikwenda kwenye gari la bluu. Alilizunguka kama alivyozunguka magari maisha yake yote, akabonyeza tairi kwa ncha ya kiatu, akagonga mlango kusikiliza sauti yake, akaufungua. Akaingiza goti kwanza, kwa mikono miwili, kisha mwili mzima. Akarudisha kiti nyuma. Akashika usukani, akakaa humo, mzee wa injini ndani ya gari lisilo na injini, na Maren akaja akasimama karibu na mlango bila kujua aweke wapi mikono yake.

"Gari zuri," Leland alisema.

Bei ilimpanda Maren mpaka kwenye ulimi. Ilikuwa palepale, pamoja na habari za viti vya nyuma. Akaimeza.

"Asante," alisema.

"Nimekutazama pale nje kabla sijaingia." Leland hakumtazama usoni. Alitazama mbele, kupitia kioo, kama vile gari linakwenda. "Ningepaswa kuja zamani. Nilikosea, na sababu niliyokuwa nayo haikutosha. Unaijua kazi, Maren. Unaijua kuliko mimi nilivyowahi kuijua."

Sasa uso ulimwiva mpaka masikioni. Kila kitu alichofundishwa na mama yake kilimwambia akane, acheke, aseme ni bahati tu, aseme ukumbi ni mdogo, aseme wageni wenyewe walikuwa watu wepesi. Wale wachumba wawili walikuwa wamesimama wanasikiliza. Baba yake alikuwa anangoja, mikono kwenye usukani.

"Asante, baba," alisema, na hakuongeza neno.